Mkono Usioacha Alama

Fundi wa kuchora matatu hutia jina lake pembeni mwa mchoro, na mara nyingine nambari ya simu. Anayekuja kuufuta mchoro huo baada ya miaka hatii chochote. Kazi yake ikiwa njema haionekani. Ikiwa mbaya, abiria watahangaika nayo hadi gari liuzwe vyuma chakavu.

Nilimtazama mmoja wao asubuhi nzima huko Kirinyaga Road, mtaa ambao wazee wa gereji wangali wanauita Grogan. Alikuwa amepewa matatu ya zamani, kioo cha nyuma kimejaa maandishi na sura ya mwanamuziki iliyobabuliwa na jua. Kwanza alilisukumiza gari kivulini, maana kioo chenye moto hukausha sabuni kabla wembe haujafika. Kisha akaosha. Akamwaga maji, akaosha tena kwa kitambaa kingine, akapapasa kwa vidole, akaosha tena. Kijana wa gereji jirani akacheka: mzee, unaosha kitu unachokwenda kukwangua? Hakujibiwa. Wembe wenyewe haukikwaruzi kioo kwa urahisi. Kinachokwaruza ni punje ya mchanga iliyonaswa katikati, na Nairobi haijawahi kupungukiwa na vumbi.

Wembe aliulaza, akausukuma upande mmoja tu, akauinua na kuurudisha hewani. Kuurudisha ukiwa umegusa kioo ni kuburuta upya takataka ulizokwisha kuzing'oa.

Lakini kilichonishika hasa ni mpangilio wa rangi. Mchoro ule ulichorwa kwa ndani ya kioo, ili mvua na brashi za waosha magari visiufikie. Anayechora kwa ndani huanza na yale ambayo wengine humalizia nayo: mng'aro wa jicho, kivuli cha herufi, ule mstari mwembamba wa pembezoni. Rangi pana ya nyuma huja mwisho na kufunika yote. Kwa hiyo mkwanguaji hukutana kwanza na kazi ya haraka, iliyopakwa siku ambayo mwenye gari ameshaanza kusumbua. Chini yake yako mashavu na mavazi. Chini kabisa, pale rangi ilipokishika kioo, ndipo ulipo mkono wa kwanza wa mchoraji, alipokuwa bado na muda na utulivu.

Mzee alipofika hapo alipunguza mwendo. Maandishi aliyasoma kinyume, kwa kuwa herufi za ndani huandikwa zikitazama nje. “Huyu alijua,” alisema, akielekeza ncha ya wembe kwenye jicho lililokuwa limebaki peke yake kwenye kioo kitupu. Kisha akaliondoa nalo. Sidhani kama yuko mhakiki wa sanaa mjini hapa aliyewahi kuutazama mchoro wa matatu kwa karibu namna hiyo.

Mwaka 2004 mafundi wa aina yake walikuwa na kazi tele. Kanuni za Waziri John Michuki zilianza kutumika Februari mwaka huo: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, sare za dereva na kondakta, na mstari wa manjano ubavuni mwa gari. Mikanda na vidhibiti mwendo nilivishangilia. Michoro iliyofutwa kwa ajili ya kanuni hizo ndiyo niliyoililia. Nyuso za wanamuziki na wanasoka zilibanduka gereji baada ya gereji, nyingi bila hata kupigwa picha. Yapata miaka kumi baadaye serikali ikabadili kauli, vijana wakaanza kupamba manganya, zile matatu za mapambo, tena, lakini sasa vioo vingi hupewa stika iliyochapwa kwa mashine.

Na kinachobandikwa kwa haraka hubanduliwa kwa haraka. Stika ikivutwa, gundi hubaki. Gundi humwagiwa petroli, petroli hutiririka hadi kwenye mpira wa kioo, mpira huvimba, na mvua za Aprili zikija abiria wa kiti cha nyuma hushuka na mgongo uliolowa. Au huitwa kijana mwenye grainda. Mchana huoni kitu. Usiku, taa za gari la nyuma zikimulika, kioo kizima huwaka miduara ya mikwaruzo. Zile nyuzi nyembamba za kupasha kioo joto ndizo hufa kwanza. Utaambiwa Nairobi nani anazihitaji. Waulizwe madereva wa Limuru mwezi wa Julai, ukungu unapotanda. Mzee yeye, alipozifikia, aliuweka wembe kando akachukua kipande cha plastiki, na kazi iliyokwenda polepole ikawa ya polepole zaidi.

Mwenye matatu alipokuja, alitupa jicho kwenye kioo mara moja, akauliza kwa nini kukwangua tu kugharimu zaidi ya stika anayokwenda kuibandika. Mzee akampunguzia bei. Hana mwanagenzi siku hizi. Wa mwisho alikwenda kuendesha bodaboda Ruiru, na kwa hesabu ya mfukoni, hakukosea.