Kitagata Ina Maji, Igongo Ina Jiko

Msafiri anayelala katika nyumba ya wageni ya chemchemi nchini Japani halipii chumba pekee. Analipia usiku mmoja pamoja na milo miwili, wa jioni na wa asubuhi, kwa bei moja anayoijua kabla hajatoka nyumbani kwake. Anafika alasiri, anaoga maji ya moto, anakula, analala, anaamka na kuoga tena, anakula, anaondoka. Nyumba hizo huitwa ryokan. Moja yao, Nishiyama Onsen Keiunkan ya mkoa wa Yamanashi, inahesabu umri wake tangu mwaka 705, na Guinness wameitambua kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani. Umri huo ni wa kushangaza, lakini ninachotaka kukichambua hapa ni mpangilio wa kazi. Sisi wa kusini-magharibi mwa Uganda tunazo sehemu zake zote. Zimetawanyika tu: maji yako Sheema, meza iko Biharwe, na wapishi wenye ujuzi wa kulisha watu wengi kwa fedha kidogo wako Nakivale.

Tuanze na maji. Kitagata, wilayani Sheema, iko magharibi ya Mbarara, na chemchemi zake mbili zimepakana. Moja huitwa Ekyomugabe, kwa kuwa ilikuwa ya Omugabe, mfalme wa Ankole, kabla ufalme huo haujafutwa mwaka 1967. Ya pili watu wameipa jina la Mulago, hospitali kuu ya Kampala, kwa imani kwamba inaponya. Wenye maumivu ya viungo na mgongo huketi ndani yake saa nzima, wengine huyanywa maji yenyewe. Wapo wanaokaa siku kadhaa. Hao hupanga vyumba jirani, na kuhusu chakula kila mtu anajitegemea.

Japani nayo ilipitia hapo. Zamani wakulima walikwenda kwenye chemchemi baada ya mavuno, wamebeba mchele na vyungu, wakakaa siku saba zilizohesabiwa kuwa duru moja ya tiba, wakijipikia katika jiko la pamoja. Safari zilipokuwa nyepesi, wageni wa usiku mmoja wakaongezeka, na mgeni wa usiku mmoja habebi chungu. Wenye nyumba wakaanza kupika wenyewe. Maji yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni mtu anayewasha moto. Nyumba nyingi leo zinasifiwa kwa samaki wa mto wao, uyoga wa mlima wao na wali wa bonde lao kuliko hata kwa joto la bafu.

Ile bei moja ndiyo kiini cha ufundi wenyewe. Mgeni akishalipa chakula mapema, mpishi anajua tangu asubuhi kwamba jioni wataketi watu kumi na wawili. Ananunua kwa kumi na wawili, anaanza supu inayohitaji saa sita, na hamwagi kitu. Vyombo vinatoka kimoja kimoja, kila kimoja katika wakati wake, kwa sababu saa ya kula imepangwa pamoja na saa ya kuoga. Mpangilio huo una sababu ya kimwili pia. Maji ya nyuzi arobaini na kidogo hupanua mishipa ya ngozi na kuvuta damu huko, ilhali tumbo lililojaa nalo linaihitaji, kwa hiyo bafu hutangulia mlo, na kati yao kuna mapumziko. Mtu ametoka jasho, amepoteza maji na chumvi, anakaa mezani ana njaa ya kweli. Mpishi amesaidiwa nusu ya kazi kabla hajapakua.

Sasa tazama eshabwe, mchuzi mweupe wa Wanyankole. Sijui chakula kingine cha kwetu kinachoufaa mpangilio huu kuliko huo. Haupikwi. Kazi inaanzia kwenye maziwa ya ng'ombe, yaliyoachwa yakaganda, yakasukwa ndani ya kibuyu hadi siagi ikajitenga, na siagi hiyo ikawekwa ikakomaa. Mpishi anaiosha, kisha anaikanda na maji ambamo ameyeyusha chumvi ya mwamba, ile wanayoiita ekisura, baada ya kuyachuja mchanga wake. Hapo ndipo fundi hujulikana. Chumvi hiyo ina ukali wa magadi. Inapokutana na mafuta, sehemu ndogo ya mafuta hayo inageuka na kuwa kiunganishi kinachoshika mafuta na maji visiachane. Mkono unapoendelea kupiga, mafuta hukatika kuwa matone madogo mno, mwanga unatawanyika juu yake, na rangi ya manjano inapotea mbele ya macho hadi unabaki weupe. Magadi yakizidi, mchuzi unakuwa na ladha ya sabuni. Yakipungua, mafuta yanaelea. Mwishoni huongezwa maji baridi kidogo kidogo, mchuzi unachujwa, unaonjwa chumvi, unawekwa mahali pa ubaridi. Maji hayo lazima yawe yamechemshwa na kupozwa, maana baada yake hakuna moto wa kuua kijidudu chochote. Huliwa na ugali wa ulezi au matoke, na pale penye uwezo na nyama iliyokaushwa kwa moshi, na kwenye sherehe ya kumtoa bibi harusi hauwezi kukosekana.

Kwa hiyo eshabwe hauwezi kuagizwa na mtu aliyeingia sasa hivi kutoka barabarani. Unataka mpishi aliyejua tangu jana. Unaliwa baridi, na ungemfaa sana mtu aliyetoka kwenye maji ya moto, mwili wake bado unatoa joto. Haukai siku nyingi, basi ni lazima idadi ya walaji ijulikane. Kila sharti la mchuzi huu linajibiwa na ile bei ya usiku na milo miwili.

Meza hiyo ipo tayari. Igongo, kule Biharwe kwenye barabara ya kutoka Masaka, kilomita chache kabla ya Mbarara, ni kituo cha utamaduni kilichoanzishwa na James Tumusiime, yule yule aliyeanzisha shirika la uchapishaji la Fountain. Kina makumbusho ya maisha ya Ankole, kina hoteli, na wasafiri wa Kampala husimama hapo kula ulezi, matoke na eshabwe. Tumusiime alithibitisha jambo ambalo wenye hoteli wengi wa Mbarara hawakuliamini: kwamba mgeni mwenye fedha atalipa kwa furaha kula chakula cha bibi yake, kikipikwa vizuri na kuelezwa kwa heshima. Ninaiheshimu sana kazi hiyo. Lakini Igongo haina chemchemi, na bei zake si za mama mwenye goti lililovimba aliyekuja Kitagata kwa teksi ya abiria.

Mama huyo ndiye ninayemfikiria. Anahitaji sahani ya moto saa moja jioni, kwa bei anayoimudu, bila kutembea gizani kuitafuta.

Upishi wa namna hiyo unafanyika kila siku Nakivale. Makazi hayo ya wakimbizi ya wilaya ya Isingiro yalifunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda, na leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine wengi. Pale Base Camp utapata sombe na foufou, maharage ya Kirundi, pilau na chai ya maziwa ya Kisomali, samaki wa ziwa la Nakivale, na Kiswahili ndicho kinachouza vyote hivyo. Mpishi wa pale anakadiria sufuria kwa mfuko wa mteja wake: anajua kupunguza kipimo bila kumdhalilisha mlaji, anajua nani anakula nini na nani hali nini, na anafanya yote kwa makaa. Tangu Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoanza mwaka 2023 kugawa msaada kwa viwango vya uhitaji, familia nyingi zimepunguziwa na nyingine kuondolewa kabisa, na jiko la biashara limekuwa tegemeo la nyumba. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi nchini. Ulezi, maziwa na ndizi za Isingiro vyote viko jirani.

Kinachofanyika mara nyingi mtu akitaka kuinua chemchemi ni kuanza na saruji: bwawa jipya, vigae, lango la kukatia tiketi. Ningeshauri fedha za kwanza ziende kwenye mabomba ya kujiosha. Japani hakuna anayeingia bafu la pamoja kabla hajajisugua na kujimwagia maji pembeni, na hiyo ni sababu mojawapo watu wengi wanaweza kutumia maji yale yale kwa usalama. Kitagata watu wanaoga na kunywa mahali pamoja, wengi wao wagonjwa. Anayetaka kunywa achotewe penye chanzo. Wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo wazungumze na daktari kwanza, na Hospitali ya Kitagata iko hapo hapo karibu. Maji ya moto hutuliza maumivu, hayachukui nafasi ya dawa.

Fedha za pili ziende jikoni. Wenye vyumba vya kupangisha Kitagata hawahitaji kumsubiri mwekezaji wa Kampala. Watano kati yao wakiungana wanaweza kuajiri fundi mmoja wa eshabwe kutoka Sheema na wapishi wawili kutoka Nakivale, wakaandika mlangoni bei moja ya kulala, kula jioni na kula asubuhi, na namba ya simu ya kuagiza siku moja kabla. Halmashauri ya Sheema iwasaidie kwa maji safi na choo. Nawaomba waanze na msimu ujao wa likizo.