Mkono wa Tremolo Ulioongezwa: Jinsi ya Kuijua Kazi Safi

Ukiletewa gitaa la umeme lililokuwa na briji tuli, na sasa limefungwa mkono wa tremolo, usilipime kwa jinsi sauti inavyozama ukiukandamiza mkono. Kuzama ni rahisi. Hata springi hafifu itazamisha. Fundi hupimwa kwa kurudi. Nyuzi sita zimelegea pamoja, ukaachilia, je, zote zimesimama pale zilipokuwa?

Swali hilo ndilo lililouzaa mkono tunaouona kwenye magitaa mengi leo. Merle Travis, mpiga gitaa wa Marekani, alikuwa na mkono wa tremolo uliobuniwa na Kauffman, uliomtoa kwenye tyuni kila alipoutumia. Akampelekea Paul Bigsby wa California, mtu aliyetoka kwenye kazi ya pikipiki, ili autengeneze. Bigsby akaishia kubuni wake: chuma kizito kinachokaa juu ya gitaa, springi moja fupi, na mhimili unaozunguka, nyuzi zikiwa zimenasa humo. Mwaka 1954 kampuni ya Fender ikatoa gitaa la Stratocaster, ambalo briji yote hucheza, ikivutwa na springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa.

Fundi akichagua kati ya njia hizo mbili, tayari amekuonyesha akili yake. Njia ya Stratocaster inataka mbao itobolewe kutoka juu hadi nyuma na kuchimbwa nafasi ya springi. Njia ya Bigsby inataka skrubu chache tu. Magitaa mengi ya bei nafuu yanayopigwa hapa Munyaka, mtaa wa Eldoret, kanisani Jumapili au kwenye muziki wa mugithi wikendi, yana mwili wa plaiwudi au mbao laini. Kwa gitaa kama hilo mimi nasimama na Bigsby bila kusita. Shimo likishachimbwa vibaya halina dawa, na plaiwudi iliyokatwa katikati haishiki skrubu za briji inayovutwa usiku kucha.

Sasa kaa na gitaa lenyewe. Washa programu ya tyuna kwenye simu, weka nyuzi sawa, kisha kandamiza mkono taratibu na uuachilie. Piga uzi wa tatu, ule wa G, kwa sababu mara nyingi ndio wa kwanza kusaliti. Ukiukuta umerudi juu kidogo ya ulipokuwa, usimlaumu aliyefunga mkono. Tazama kichwani mwa shingo, kwenye kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita. Uzi ulipolegea, sehemu iliyo upande wa vigingi iliuvuta kupita mfereji. Ulipokazwa tena ukanasa, haukurudi wote. Ukivuta mkono kwenda juu badala ya kukandamiza, kosa hugeuka: uzi ulionasa utarudi chini ya sauti yake. Fundi mzuri huligusa eneo hili hata kama hukumwomba. Husugua kila mfereji kwa tupa nyembamba hadi ulingane na unene wa uzi wake, akiuinamisha kuelekea vigingini, halafu hupaka unga wa penseli. Fundi aliyefunga mkono mpya na kuacha mifereji ya zamani amefanya nusu ya kazi, hata kama kromu inang'aa.

Teremsha macho hadi kwenye briji. Nyuzi za pembeni, ule mnene na ule mwembamba, ziwe na umbali sawa kutoka kingo za shingo mpaka freti ya mwisho. Zikielemea upande mmoja, mkono umefungwa kombo. Kisha angalia zinavyopinda zikitoka kwenye briji kwenda kwenye mhimili. Zikipinda kidogo mno zitaruka na kuvuma unapopiga kwa nguvu. Zikipinda kupita kiasi zitakwaruza na kunasa.

Skrubu zichunguze kwa kidole. Rangi iliyopasuka kuzunguka tundu ni dalili ya drili iliyoingia bila tundu dogo la kutangulia. Uliza pia matundu ya zamani yalizibwaje. Kijiti cha mbao ngumu na gundi kinatosha. Kujaza njiti za kiberiti ni uvivu.

Jaribio lingine halihitaji hata sikio zuri. Chomeka kwenye ampu, ongeza sauti, usiguse kitu. Sikiliza mvumo. Gusa nyuzi. Mvumo ukipungua, waya wa athi umeunganishwa vizuri hadi kwenye chuma kipya. Usipopungua, au ukizidi, waya umesahaulika au umekatika, na gitaa lirudi mezani kwa fundi siku hiyo hiyo.

Kama mwenye gitaa alishikilia mtindo wa Stratocaster, chukua rula. Kwenye gitaa lenye uzi wa milimita 648, freti ya 12 iko milimita 324 kutoka kwenye mfupa wa kichwani, na uzi mwembamba ukae karibu na umbali huo huo kutoka freti hiyo hadi kwenye briji. Uzi mnene husogezwa nyuma kidogo. Muhimu zaidi, uliza kama briji inaelea au imelazwa juu ya mwili. Inayoelea huenda juu na chini, lakini uzi mmoja ukikatika nyingine zote hupanda. Kwa anayepiga mugithi peke yake, asiye na gitaa la pili la kumfunika, huo ni usiku uliokwisha. Ilazwe, iende chini tu.

Usilipokee gitaa kwa jaribio la dukani peke yake. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi, mchana jua ni kali, na mbao ya shingo huitikia. Lilaze nyumbani, lityuni asubuhi, lirudie mchana kabla ya kuhukumu. Nyuzi mpya zivute kwa mkono mara kadhaa kwanza, la sivyo utamshtaki fundi kwa kosa la nyuzi.

Baada ya hapo mwombe mpiga kinanda ashikilie kordi ya G, nawe upige hiyo hiyo. Tikisa mkono, achilia, piga tena juu ya kinanda. Ukisikia sauti inapwita polepole badala ya kutulia, pitia uzi mmoja mmoja hadi umpate mkosaji, andika jina lake kwenye karatasi, uifunge kwenye shingo ya gitaa, ulirudishe kwa fundi.