Neno Dogo Mwishoni mwa Sentensi ya Kiingereza

Tulipewa kusoma daftari la mwanafunzi mmoja, ambamo mwalimu wake alikuwa amesahihisha insha ya Kiingereza kwa wino mwekundu. Mwanafunzi aliandika, "The man I came with is my uncle." Mwalimu akaipiga mstari, akaandika pembeni kwamba si halali kumaliza maneno kwa with. Chini yake mwanafunzi huyo huyo alikuwa ameandika, "The knife which I cut the meat was blunt," na sentensi hiyo haikuguswa. Basi iliyo sahihi ilihukumiwa, na yenye kosa ikaachiliwa. Hatumlaumu sana mwalimu yule, maana alifundisha kama alivyofundishwa. Bali kanuni yenyewe twaona yafaa ichunguzwe asili yake.

Maneno kama with, in, from na to wenye sarufi huyaita vihusishi. Kwa Kilatini jina lake ni praepositio, maana yake kutiwa mbele, na katika lugha ile ndivyo yalivyo, isipokuwa machache kama vobiscum, ambalo mapadre wetu walijua vema. Mwaka 1672 mshairi John Dryden, alipokuwa akipima lugha ya watungaji waliomtangulia, alimlaumu Ben Jonson kwa kuacha kihusishi mwishoni, akakiri kwamba hata katika maandiko yake mwenyewe ameliona kosa hilo. Mwaka 1679 akaeleza kwamba akishikwa na shaka juu ya Kiingereza chake, hukigeuza kuwa Kilatini apate kujua. Na mwaka 1684, alipotoa mara ya pili kitabu chake juu ya utungaji wa tamthilia, kilichotoka kwanza mwaka 1668, alivihamisha vihusishi vile vya mwishoni. Alikuwa bingwa wa lugha yake, hilo hatulikani. Lakini fundi ashonaye kanzu kwa kipimo cha mtu mwingine asistaajabu ikimbana mwenyewe.

Maana Kiingereza kilikuwa na desturi hiyo tangu kale, hata kabla ya Wanormani kuvuka bahari mwaka 1066. Na mara nyingine hakina njia nyingine. Mtu aweza kusema "the house in which I live," tena kwa adabu ya barua kubwa, lakini akitumia that, hana budi kusema "the house that I live in." Hakuna Mwingereza asemaye "in that I live." Vivyo hivyo akiliacha neno la kuunganisha, kama alivyofanya mwanafunzi wetu. Akatazwaye njia hiyo amenyimwa nusu ya lugha, nayo ndiyo nusu isemwayo nyumbani na sokoni.

Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alilinena jambo hili kwa kiasi katika sarufi yake ya mwaka 1762. Alisema kwamba lugha yao huielekea sana desturi hiyo, nayo yafaa katika mazungumzo, ila kukitia kihusishi mbele hupendeza zaidi katika maandiko mazito. Tena katika sentensi ile ile aliyolisemea jambo hilo, kifungu cha kwanza alikimaliza kwa kihusishi! Waliomfuata walilishika shauri lake wakalifanya sheria, na kiasi chake wakakiacha. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, alilihesabu katazo hilo kuwa imani isiyo na msingi.

Lakini kwetu sisi tufundishao wenye Kiswahili, hatari iko penginepo. Kiswahili husema "kisu nilichokatia nyama". Ule uhusiano wa chombo na kazi umo ndani ya kitendo chenyewe, katika kukatia. Mtoto ageuzapo maneno hayo huona cut yatosha, wala hajui kwamba amepoteza kitu. Hapo ndipo with ya mwishoni imhitajiwapo sana. Tena Kiswahili husema "mtu niliyekuja naye," na katika naye yumo mtu mzima, si na peke yake. Kwa hiyo mtoto huandika "the man I came with him." Makosa haya mawili, la kupunguza na la kuzidisha, ndiyo yastahiliyo wino mwekundu.

Na kosa la Dryden hata sisi twalitenda kwa upande wa pili. Wako wafasiri waandikao "kisu ambacho kwacho nilikata nyama," kwa kuwa mbele yao pana kitabu chenye "with which," ilhali kukatia kupo, kwepesi, kwajulikana na kila mpishi.

Turudi kwa daftari. Mwanafunzi alitii, akaiandika upya sentensi yake ya kwanza: "The man with whom I came with him is my uncle." Tulimwita tukamwomba atuambie kwa Kiswahili. Akasema, "Mtu niliyekuja naye ni mjomba wangu." Tukamwuliza ni neno gani la Kiingereza lililo sawa na naye yake. Akatazama kitambo, akaona yamo mara mbili, akakata maneno mawili ya mwisho, with na him, kwa mkono wake.