Lugha Iliyotangulia: Kache ya Mihuri ya Wakati katika Tomcat na Nafasi ya Kiswahili

Uhakiki wa programu za seva umezoea kupima kasi na kuishia hapo. Apache Tomcat, seva ya Java inayotumika kote duniani, inaonyesha upungufu wa mazoea hayo. Kila ombi linapoingia, wakati wake huweza kuandikwa katika kumbukumbu za ufikiaji. Kuunda maandishi ya tarehe upya kila mara ni gharama ya bure, kwa kuwa maombi elfu moja ya sekunde moja yana tarehe ileile. Kwa hiyo maandishi hayo huhifadhiwa katika kache ya mduara: kila uzi wa utekelezaji hubeba sekunde 60, na nyuma yake ipo kache ya pamoja ya sekunde 300 inayolindwa kwa kufuli. Milisekunde hujazwa baadaye katika pengo lililoachwa. Kiufundi, ni kazi safi.

Kasoro imo katika ufunguo wa kache. Maelezo ya watunzi ndani ya msimbo yanakiri kwamba kila muundo wa tarehe hubaki na lugha iliyotumika nao mara ya kwanza. Chukulia Tomcat moja huko Kagarama, Kigali, inayohudumia mifumo miwili: mmoja umeagizwa kuandika kumbukumbu kwa Kiingereza, mwingine kwa Kiswahili, ambacho Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Muundo ukiwa mmoja na Kiingereza kikatangulia, kumbukumbu za mfumo wa pili zitaandikwa "March" palipostahili "Machi", wala hapatakuwa na onyo.

Lawama hii isipitilize. Muundo wa kawaida wa kumbukumbu hizo hutumia Kiingereza cha Marekani daima, na hilo halina ubaya: zana za uchambuzi hutegemea "Mar", kama zinavyotegemea +0200 ya Kigali ili zisiichanganye na +0300 ya Dar es Salaam. Anayetaka humo saa moja asubuhi badala ya 07:00 (na wapo watetezi wa Kiswahili wa namna hiyo) anavuruga ushahidi. Suala ni la msimamizi aliyechagua Kiswahili katika muundo wake mwenyewe, kisha uchaguzi wake ukafutwa na mfuatano wa maombi.

Kuiongeza lugha kwenye ufunguo kungegharimu kumbukumbu ndogo tu ya kompyuta. Washauri wa sera wanaoandaa masharti ya ununuzi wa mifumo ya umma wanaweza kudai jaribio moja: lugha mbili, muundo mmoja, seva moja, kwanza Kiingereza kitangulie, kisha Kiswahili.