Kadi Dhaifu, Hesabu Kali: Jinsi Seti ya Sligh Ilivyoundwa

Mwaka 1996, katika mashindano ya kufuzu yaliyofanyika Atlanta, Marekani, Paul Sligh alishika nafasi ya pili katika mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering. Alicheza na seti nyekundu ambayo ukiisoma kadi moja moja ungedhani imeokotwa kwenye makapi. Muundaji wake ni Jay Schneider, ingawa jina lililodumu ni la Sligh. Dunia ya michezo ndivyo ilivyo. Wengi husema seti hiyo ilifanikiwa licha ya kadi zake dhaifu. Mimi naona Schneider hakuwa akipima ukali wa kadi hata kidogo. Alipima ni mana kiasi gani inatumika katika kila zamu.

Kila zamu mchezaji huruhusiwa kuweka ardhi moja, na ardhi ndiyo hutoa mana ya kulipia kadi. Asipokosa ardhi, zamu nne za kwanza humpa mana 1, 2, 3 kisha 4, jumla 10, na ile asiyoitumia haiwekwi akiba. Anayekaa kusubiri kadi moja tukufu ya mana 4 amepoteza 6. Ndiyo maana kadi nyingi za Schneider zilikuwa za mana 1 na 2, za 3 zikiwa chache, na kileleni wakawekwa Dragon Whelp wawili tu wa mana 4. Kati ya ardhi 23, nne zilikuwa Mishra's Factory, ambazo kwa mana 1 hugeuka kiumbe wa kushambulia, na nne Strip Mine, ambazo huvunja ardhi ya mpinzani na kuiharibu hesabu yake. Hata Dwarven Lieutenant, kadi isiyovutia, huongezewa nguvu kwa mana 2 kila unapotaka. Mana iliyobaki haikosi kazi.

Mtazame sasa Ironclaw Orcs, aliyewekwa mara nne, idadi ya juu inayoruhusiwa. Kwa mana 2 unapata nguvu 2 na ustahimilivu 2, lakini hawezi kumzuia kiumbe mwenye nguvu 2 au zaidi. Wachezaji walimdharau kwa sababu hiyo, sawa na kumlaumu mshambuliaji wa kati kwa kutorudi kukaba. Katika seti inayoshambulia tangu zamu ya pili, kasoro hiyo karibu haigharimu chochote.

Kuna pingamizi lenye uzito: seti ya kadi ndogo huishiwa haraka, na mpinzani akivuka zamu za mwanzo akiwa hai, kiumbe wake mmoja mkubwa huwafuta wote. Ni kweli. Ila kila mchezaji huanza na uhai wa pointi 20, na seti hii ilibeba Lightning Bolt nne na Incinerate nne, kila moja ikipunguza pointi 3. Jumla ni 24. Ni nadra mtu kuzivuta zote nane katika mchezo mmoja, lakini viumbe wakishakata nusu ya uhai, nne zinatosha kumaliza. Tena, seti iliyotamba msimu ule ilitegemea Necropotence, inayomwezesha mchezaji kununua kadi kwa kulipa pointi 1 ya uhai kwa kila moja. Kila kadi aliyoinunua ilimsogeza karibu na moto.

Wengine watasema nafasi ya pili katika shindano moja inaweza kuwa bahati tu. Kwa shindano hilo pekee, sina la kubisha. Ushahidi mzito ulikuja mwaka 1998, David Price alipotwaa Pro Tour ya Los Angeles, shindano la ngazi ya juu la mchezo huu, kwa seti nyekundu yenye hesabu ileile. Humo alikuwemo Jackal Pup: mana 1, nguvu 2, na kila jeraha analopata humrudia mwenyewe anayemcheza. Kasoro kubwa, bei ndogo, kama Ironclaw Orcs. Kwa hiyo ukitaka kuunda seti ya namna hii, usianze na orodha ya kadi kali. Andika zamu nne za kwanza kwenye karatasi, kisha ujaze utakalofanya kwa kila mana. Kadi itakayokuachia nafasi tupu iondoe, hata kama uliinunua kwa bei ghali.