Digrii tatu zilizoacha pengo mkobani

Mliokuwa shimo la 18 Jumapili ile, kwenye uwanja wetu wa kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, mliona mpira wa kijana wetu mmoja ukizama kwenye banka mbele ya grini. Wengi mlilaumu mkono. Mkono haukuwa na kosa. Kosa lilifanyika wiki moja kabla, kwa fundi, kijana huyo alipoagiza uso wa pichingi weji yake usimamishwe kutoka digrii 46 hadi 43 ili ifike yadi 125.

Tupige hesabu. Chuma chake namba 9 kina digrii 41, na weji inayofuata pichingi ina 50. Awali alikuwa na yadi 130, 117 na 105, ngazi nzuri ya kushuka. Digrii moja ni kama yadi mbili au tatu, kwa hiyo sasa ana 130, 125 na 105. Namba 9 na pichingi zinafanya kazi moja, na chini yake kuna pengo la yadi 20. Pale 18 alibakiwa na yadi 113. Kwa pichingi ya zamani hilo ni pigo tulivu, la kupunguza kidogo tu. Jumapili ilibidi aikamue ile ya digrii 50 kwa nguvu zake zote, na nguvu hazikutosha.

Soli nayo imeharibika. Ukisimamisha uso digrii tatu, soli inapoteza digrii tatu za ule mwinuko unaoizuia fimbo kuchimba. Kwenye ardhi hii ya mchanga hilo ni balaa. Ndiyo maana shimo la 11 aliinua tonge la nyasi na mpira ukabaki karibu na miguu yake.

Mkono, narudia, ulikuwa sawa: mapigo yake ya tii na ya grini yalikuwa mazuri.

Anajitetea kwamba kusi linavuma na alitaka mpira wa chini. Sikubali. Mpira wa chini unapatikana kwa kuusogeza nyuma kwenye msimamo, mikono itangulie, mzunguko ufupishwe. Seve Ballesteros, aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978, alijifunza utotoni ufukweni kwao Hispania kwa chuma namba 3 kimoja. Kimoja! Nimewaambia vijana miaka nenda rudi: maji yakipwa Bagamoyo mchanga unakuwa mgumu, nendeni na chuma kimoja mkatafute umbali wa aina tano.

Lakini ugonjwa huu wa kusimamisha nyuso za fimbo umetoka viwandani. Pichingi za enzi za Seve zilikuwa na digrii 50 hivi, leo zipo za 43, alama ileile imegongwa juu ya fimbo nyingine, na watu wanaulizana “namba 7 yako yadi ngapi?” kana kwamba umbali ni cheo. Umbali wa chuma ni wa kupimwa: mipira kumi kwa kila fimbo, hesabu inapotua, kisha kunja digrii moja, rudi upime.

Wapo wanaomshauri ailete ile ya 50 hadi 48. Hapo pengo litahamia kati yake na weji yake ya digrii 54, karibu zaidi na shimo, mahali pabaya kuliko mwanzo. Airudishe pichingi kwenye digrii 46. Kichwa cha fimbo hiyo ni cha chuma laini cha kufuliwa, kitakubali. Kingekuwa cha kumiminwa kwenye kalibu, ningemwambia anunue kingine, maana vile huweza kukatika shingoni.