Elmo Hakukuharibia Utoto Wako

Umewahi kumsikia mtu mzima, mwenye kazi yake na mvi zimeanza kuchungulia kidevuni, akibishana kwa uchungu kuhusu kikaragosi mwekundu mwenye umri wa miaka mitatu na nusu? Mimi nimewasikia wengi, na nakiri kwamba nami nimo. Kila msimu mpya wa Sesame Street unapotoka, mashabiki waliokua nao wanauchambua kama wachambuzi wa mpira baada ya dabi. Elmo kapewa nafasi kubwa mno. Hadithi ni ndefu mno. Mtaa umekuwa msafi mno. Zamani bwana, ndiyo kulikuwa na kipindi!

Msimu wa 56, ulioanza tarehe 10 Novemba 2025 kwenye Netflix na PBS kwa pamoja, umewapa la kusema. Kila episodi sasa imejengwa juu ya hadithi moja kuu ya dakika kama 11. Wengi wetu tuliokua na kipindi hiki tunakikumbuka kama gazeti: kipande kifupi cha herufi, wimbo, katuni ya namba, mzaha wa Ernie na Bert, halafu tunarudi mtaani. Kwa hiyo shabiki wa zamani akitazama hadithi moja ya dakika 11 anaona ameibiwa.

Hoja yangu ni hii: malalamiko mengi ya watu wazima yanatumia kipimo kisicho cha kipindi hiki. Lipo lalamiko moja tu lenye uzito wa kisayansi, na hilo ndilo tunalolisema kwa sauti ndogo kabisa.

Kipimo ni macho ya mtoto

Sesame Street kilipoanza mwezi Novemba 1969, hakikuachiwa watunzi peke yao. Joan Ganz Cooney na wenzake waliwaleta watafiti wakae meza moja na waandishi. Mmoja wao, Edward Palmer, alibuni njia rahisi mno. Alimweka mtoto mbele ya televisheni, na pembeni akaweka skrini nyingine yenye picha za slaidi zinazobadilika kila baada ya sekunde saba na nusu. Msaidizi akawa anaandika: sasa mtoto anatazama kipindi, sasa kageukia slaidi. Kipande kilichoshindwa na slaidi kilirudishwa kwa waandishi.

Wanasaikolojia walikuwa wameshauri vikaragosi wasichanganywe na watu, eti mtoto atachanganyikiwa kati ya kweli na kubuni. Katika vipindi vya majaribio vya Julai 1969, kila kamera iliporudi mtaani kwenye watu peke yao, watoto waligeuza shingo. Basi ushauri wa wataalamu ukawekwa kando, na Jim Henson akatengeneza vikaragosi wa kuishi mtaani na watu: Big Bird na Oscar. Angalia vizuri: wahusika tunaowalilia leo kama urithi wetu walizaliwa kwa sababu toleo lililowaridhisha watu wazima liliwachosha watoto.

Je, hadithi ndefu ni upuuzi wa Netflix? Hapana. Mwanasaikolojia Daniel Anderson na wenzake walichukua vipande vya Sesame Street wakavivuruga: wakapangua mpangilio wa picha, au wakaweka mazungumzo ambayo mtoto hawezi kuyaelewa. Utafiti huo wa mwaka 1981 ulionyesha kwamba watoto waliacha kutazama maana ilipopotea, hata kama rangi na vurugu za picha zilikuwa zile zile. Mtoto wa miaka minne si nondo anayevutwa na taa. Anatazama anachokielewa, na asipoelewa anaondoka zake.

Hapo ndipo imani ya zamani, kwamba mtoto anahitaji vipande vifupi vifupi ili asichoke, ilipoanza kutikisika. Elmo's World, kipande kirefu cha mwisho wa kipindi, kilianza mwaka 1998. Mwaka 2002 kipindi kizima kilipangwa upya ili kiwe na vipande virefu vyenye mtiririko. Kwa hiyo unaposema kipindi "kimeharibika juzi", unazungumzia mabadiliko yenye zaidi ya miaka 20.

Kilichotupendeza sisi kilishindwa

Mfano unaoniuma zaidi ni wa mwaka 1992. Watunzi walitengeneza episodi kuhusu talaka ya wazazi wa Snuffy, yule mnyama mkubwa mwenye manyoya. Nia ilikuwa njema na waandishi walikuwa wazoefu. Walipoionyesha kwa watoto wa majaribio, mambo yakaenda mrama. Kuna waliodhani baba wa Snuffy ametoroka. Kuna waliodhani wazazi wakigombana tu, basi talaka imefika. Episodi hiyo haikurushwa.

Linganisha na ile ya tarehe 24 Novemba 1983, iliyoeleza kifo cha Bwana Hooper baada ya mwigizaji wake, Will Lee, kufariki. Nayo ilijaribiwa kwa watoto kwanza, nayo ikapita. Mashabiki tunaitaja kama kilele cha ujasiri wa kipindi, na ni kweli ilikuwa hivyo. Lakini ujasiri ule ule uliitengeneza na ile ya talaka. Aliyezitenganisha ni mtoto wa chekechea aliyeulizwa, "Umeelewa nini?"

Na kumbukumbu zetu nazo zinatuchezea. Vipande vya zamani tunavyorushiana kwenye simu ni vile vilivyochujwa kwa miaka 50. Vilivyochosha hakuna aliyevihifadhi. Halafu tunachukua vito hivyo tunavishindanisha na episodi nzima ya leo, pamoja na dakika zake zilizopooza. Ukifanya hivyo kwenye tasnifu yako, msimamizi atakurudishia kesho yake asubuhi.

Sisemi msimu mpya hauna kasoro. Kwa jicho langu, hadithi moja kubwa inamfunga mtunzi kwenye somo moja la hisia: subiri zamu yako, vuta pumzi, jaribu tena. Ni masomo mema, lakini gazeti la zamani lilikuwa na nafasi ya ajabu ajabu zisizofundisha chochote cha moja kwa moja, na nafasi ya kumwona mtu mzima akifanya kazi yake mtaani. Hiyo nafasi imebana. Vichekesho vya wakubwa na wageni mashuhuri navyo havikuwekwa kwa bahati. Waanzilishi walitaka mzazi akae kitako, kwa sababu mtoto anayetazama na mtu wa kumuuliza na kumjibu hujifunza zaidi. Mtu mzima ana kiti chake mtaani pale, ila ni kiti cha pembeni ya mtoto.

Lalamiko lenye uzito

Sasa lile lalamiko moja. Wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine walitumia bahati mbaya ya kihistoria: mwaka 1969 baadhi ya miji ya Marekani ilipata kipindi hiki kwenye masafa ya VHF, yenye mawimbi mazuri, na mingine kwenye UHF, ambayo televisheni nyingi za wakati huo ziliyapata kwa shida. Watoto hawakuchagua antena. Walipolinganisha maeneo hayo, waligundua kwamba pale kipindi kilipoonekana vizuri, watoto waliokuwa bado hawajaanza shule walikuja kuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa darasa linalolingana na umri wao.

Kilichotenganisha watoto hao ni kama picha ilifika nyumbani. Lakini mwaka 2016, episodi mpya zilipoanza kutoka HBO kwanza, na mtoto wa kwenye televisheni ya bure akasubiri miezi tisa, wangapi kati yetu tulipiga kelele kama tunazompigia Elmo? Leo zinatoka siku moja PBS na Netflix, na hilo ndilo jambo jema kuliko yote katika msimu wa 56. Hata hivyo, mwaka huo huo wa 2025 Bunge la Marekani liliondoa fedha za serikali kwa utangazaji wa umma. Hapo ndipo pa kukunja mashati, wapendwa.

Huku kwetu jambo hili si la mbali. Tanzania ilikuwa na toleo lake, Kilimani Sesame, na watafiti Dina Borzekowski na Jacob Macha walilipima kwa watoto wa Dar es Salaam na Kisarawe. Utafiti wao wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watoto waliolipata zaidi walisonga mbele zaidi, yakiwemo masuala ya afya. Na halikufika kwa televisheni pekee: kulikuwa na redio, na kulikuwa na vitabu, kwa sababu waandaaji walijua si kila nyumba ina skrini.

Kwa hiyo msimu ujao ukitoka, fanya jaribio la Palmer nyumbani. Mwite mtoto wa dada yako, kaa pembeni yake, na usiitazame skrini, mtazame yeye. Akigeuza shingo, andika ni dakika ya ngapi. Ikiisha, muulize ameelewa nini. Kwa miaka 14, watu wazima wa mtaa ule hawakumwamini Big Bird alipowaambia Snuffy yupo. Mwaka 1985 watunzi waliwaonyesha Snuffy, kwa hofu kwamba watoto wanajifunza kuwa hata wakisema kweli hawatasikilizwa. Mashabiki wakubwa tuna deni hilo hilo la kusikiliza.